Tick moja kwenye email ya Mama ilivyotupotezea Simiyu

Wakuu, salamu kwenu nyote popote mlipo.

Kwa kawaida mimi ni wa kusoma na kupita. Section hii ya kompyuta huwa nakuja nikitafuta dawa ya printer iliyogoma, nikipata naondoka bila hata kusema asante. Leo nimekuja na langu. Ni ukweli mtupu na sitaongeza chumvi, kwa sababu kidonda chenyewe bado ni kibichi.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka anaweza kuruka mpaka mwisho, ingawa ningependa asiruke.

Nina duka dogo la printing hapa Ruiru. Business cards, banner za crusade, na zaidi ya yote programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba vyenye picha ya marehemu. Kwa hivyo kompyuta si kitu kigeni kwangu, lakini mimi si mtaalamu pia. Ni yule mtu ambaye familia nzima inampigia simu kitu kikikwama.

Mama yangu anaishi Thika, Makongeni. Asili yetu ni Bungoma, lakini wazee walikuja kutafuta kazi ya kiwanda wakabakia. Baba alikuwa kwa mashine. Mama alikuwa secretary wa kiwanda cha nguo, wale wa zamani kabisa, anatype kwa vidole vyote huku anakuangalia usoni na kukuuliza umekula nini.

Kiwanda kilipouza vitu vyake vya zamani, Mama alinunua desktop aliyokuwa akitumia. Akaiweka sebuleni, akaifunika na kitambaa cha kufuma kama vile watu hufunika TV. Smartphone hataki. Ana kabambe yake ya kupiga na kupokea, basi. Anasema barua huandikwa mtu akiwa ameketi, mgongo wima.

Email yake iko kwenye programu ndani ya hiyo kompyuta, si kwa browser. Kumbukeni hapo.

Mama alijaliwa watoto wawili, Simiyu na mimi. Simiyu ndiye mkubwa. Alienda Arabuni kufanya kazi ya ulinzi, na Baba alipofariki hakuja kumzika. Passport ilikuwa kwa mwajiri, contract haikumruhusu, hayo ndiyo aliyosema. Mama hakutaka kusikia. Alimwambia kwa simu, waombolezaji wakisikia, kwamba kama ameshindwa kuja kumrushia baba yake mchanga, asikanyage kwake tena.

Kwetu hilo si neno la hasira tu. Ni neno zito. Mwana aliyekosa mazishi ya baba yake hawezi tu kuingia boma na begi lake kama mgeni wa kawaida.

Simiyu akakata simu, na baadaye akabadilisha line. Yangu mimi iliibiwa pamoja na simu pale stage ya Ruiru, nikachukua nyingine. Najua mtaniuliza kuhusu Facebook. Tulitafuta. Akina Simiyu huko ni wengi kuliko nyumba za kupanga Ruiru, na wa kwetu hapendi kupigwa picha.

Miaka ikapita hivyo. Mama hakumtaja. Lakini kila akiomba kabla ya kula, kuna mahali alikuwa anasimama kidogo halafu anaendelea. Mimi nilijua hapo panakaa nani.

Sasa, mwaka huu, Simiyu aliandika.

Email ya Mama ndiyo kitu pekee ambacho hakikuwa kimebadilika katika familia yetu, na aliikumbuka. Aliandika kutoka kwa address ya kampuni yake ya kazi. Mimi hiyo barua sikuijua wakati huo. Mama alinificha. Alitaka kwanza amlete mtoto nyumbani, ndipo aniite nimkute ameketi kwa kiti, nishangae. Mama anapenda mambo ya surprise, na maskini huwa hayamtokei vizuri.

Barua ilikuwa fupi. Nimeisoma mara nyingi, naweza kuisema bila kuangalia.

"Mama, sijui kama bado unatumia hii address. Contract yangu inaisha. Ukiniambia nije nyumbani, nakata ticket nakuja, na nitafanya yote yanayotakiwa kwa kaburi la Baba. Usiponijibu nitaelewa bado ni vile ulisema, na nitasaini kwingine. Mimi Simiyu wako."

Mama anasema alilia mpaka akashindwa kuona keyboard.

Alipojipanguza na kutaka kujibu, bundles za intaneti zikaisha. Zile ninazomnunulia za modem zilikuwa zimemalizwa na updates. Wenye kompyuta za zamani mnaijua hiyo tabia. Wewe unafungua ukurasa mmoja, na yenyewe huko nyuma inakunywa kila kitu bila kuomba ruhusa.

Mama akaingiwa na hofu. Akajiambia, mtoto akijibu nikiwa sina bundles itakuwaje? Lazima hizi kitu zilindwe.

Angenipigia mimi, nisingekuwa naandika uzi huu. Lakini surprise ingeharibika. Akamwita fundi mmoja wa mtaa, kijana mpole tu wa huko Kiandutu. Akaja mchana huo huo, akamwekea bundles mpya, akazima updates. Halafu akafungua ile programu ya email akaweka tick mahali panaitwa Work Offline.

Akamwambia, "Mathe, hii tick ndio askari wa bundles zako. Ukitaka mail ziingie ama zitoke, unaitoa kidogo tu, halafu unairudisha. Uko sawa?"

Mama akasema, "Niko sawa, baba. Mungu akubariki."

Wakuu, huyo fundi hakukosea. Wengi wetu tunafanya hivyo. Unaandika ukiwa offline, unawasha net dakika kidogo, zinatoka, unazima. Ni akili nzuri ya mtu wa bundles. Lakini kati ya yale maneno yote, Mama alishika moja tu, kwamba hiyo tick ni askari. Na askari huwezi kumtoa kwa lango.

Siku ile ile, kabla hata ya chakula cha jioni, Mama akaketi, mgongo wima, akamjibu Simiyu.

Ukiwa offline ile programu haikwambii umekosea. Inabadilisha tu kitufe kinakuwa Send Later, ukibonyeza barua inatoweka mbele yako na kwenda kukaa Outbox. Mama aliiona hapo Outbox. Akaridhika kabisa.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini haikumshtua, alinijibu kitu ambacho bado kinanisumbua. Alisema miaka yake yote ya kazi alikuwa akimaliza kutype barua anaiweka kwa tray ya kutoka, kisha messenger anapita jioni anazipeleka posta. Kazi ya secretary inaishia kwa tray. Kumfuata messenger ni kumdharau.

Basi akaweka barua kwa tray, akangoja messenger.

Akampigia mjomba wetu Bungoma pia. Akamwambia atafute kondoo wa kumtakasa Simiyu kabla hajaingia boma. Mjomba akamtafuta, kondoo akafungwa huko nyuma ya jikoni, anakula tu.

Wiki zikaenda. Kimya.

Hapo katikati ndipo mimi nikaingia, na nikaingia kwa mlango usiofaa. Mama alinipigia akasema mahubiri hayafunguki, browser inamwambia connection si salama, na kona ya screen inamrukia matangazo ya betting. Nikafunga duka Jumamosi nikapanda kwenda Thika.

Kwa faida ya wale mnaokuja section hii kutafuta dawa: ukiona browser inakataa kila site na kusema si salama, angalia saa ya kompyuta kwanza. Ya Mama ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma. Kwa sababu ya stima ya kupotea na kurudi kwa kishindo, yeye huzima kompyuta hadi kwa ukuta, na kale kabetri kadogo ndani ya mashine kalikuwa kamekufa, kwa hivyo kila ikiwashwa inaamka ikidhani ni zamani. Nikaweka betri mpya, nikarekebisha tarehe. Matangazo nayo yalikuwa ni notifications tu, alikubali Allow mahali bila kujua. Nikayatoa. Nikasafisha cache, nikatoa toolbar ambayo hata sijui ilitoka wapi.

Mahubiri yakacheza. Nikajiona mwanaume.

Nikamuuliza, "Na email iko sawa?"

Akasema, "Iko sawa kabisa. Ninaandika, zinaenda."

Browser ilikuwa inafanya kazi, net ipo, Mama amesema iko sawa. Kwa nini nifungue barua za mama yangu? Nikanywa chai nikarudi Ruiru kabla ya jam.

Nataka kusema hapa kitu ambacho kingenisaidia siku hiyo. Browser na programu ya email ni vitu viwili. Browser inaweza kuwa mzima wa afya huku email imelala offline, na hakuna inayomwambia mwenzake. Hiyo ndiyo iliyonipumbaza.

Baada ya hapo Mama akaanza kupungua. Si ugonjwa. Ni ile ya mtu kuongea maneno machache kila siku kuliko jana. Jirani yake Mama Njeri akanipigia, "Barasa, ngai, hebu kuja uone mathako, siku hizi hata chai anasahau kwa jiko." Nilidhani ni pressure. Nikampangia clinic.

Halafu jioni moja Mama mwenyewe akapiga. Akaniuliza, polepole, "Baba, mtu akikuandikia barua ya kurudi nyumbani, na wewe umjibu umwambie kuja, halafu yeye anyamaze, huyo roho yake iko wapi?"

Nikauliza ni nani huyo.

Akasema, "Simiyu."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza jina hilo kutoka kinywani mwake tangu mazishi. Kesho yake sikufungua duka. Mtu alikuwa anangoja programu za mazishi ya mamake, nikamwomba aniwie radhi, nikamwelekeza kwa mwenzangu.

Nilifika Mama akiwa ameketi mbele ya kompyuta, amevaa kama mtu wa kwenda kanisani. Nikafungua ile programu.

Nyinyi mnaojua mngeona mara moja. Mimi pia niliona mara moja. Kale kaalama kadogo chini kwenye kona, ka offline. Na Outbox imeandikwa kwa herufi nzito.

Nikabonyeza Outbox. Barua zote zilikuwa hapo, moja chini ya nyingine, zote zimeandikiwa mtu mmoja.

Ya kwanza ilisema, "Mwanangu Simiyu, njoo nyumbani. Njoo hata leo." Zilizofuata zilikuwa ndefu. Alimweleza kuhusu kondoo. Alimweleza kwamba mtoto akinyea mkono haukatwi, na kwamba siku ile ya mazishi alikuwa anaongea na kifo, hakuwa anaongea naye. Ya mwisho ilikuwa sentensi moja tu. "Simiyu, mbona hunijibu?"

Nikageuza kiti nikamtazama.

Nikamwambia, "Mama, hizi hazijaenda."

"Hazijaenda vipi? Si ziko hapo kwa out?"

"Ziko kwa out. Hazijatoka."

Aliniangalia kama mtu anayeongeleshwa lugha asiyoijua. Nikamweleza habari ya tick. Nikaona anaelewa kidogo kidogo, na ningetoa chochote asielewe.

Akasema, "Zitume."

Nikatoa tick. Programu ikauliza kama nataka barua zilizobaki zitumwe sasa. Nikabonyeza Yes. Kale kamstari ka chini kakaanza kutembea, na zote zikatoka kwa muda mfupi kuliko wa kuvaa viatu. Mambo ya wiki zote hizo, wakuu, na ilikuwa kubonyeza tu.

Halafu zikaanza kuingia. Matangazo ya supermarket, ya benki, na katikati yake, jina Simiyu. Na tena Simiyu. Na tena.

Mama alipiga makofi. "Si nilijua! Si nilijua atajibu!" Akanishika bega akawa ananitikisa. Aliimba hata, ule wimbo wa shukrani wa kanisa lao.

Mimi nilikuwa nimeshaona tarehe. Zilikuwa za zamani. Hazikuwa majibu. Zilikuwa zimengoja nje ya mlango wakati wote huo, sababu askari wa bundles hakuruhusu kitu kutoka wala kuingia.

Nikamsomea moja moja. Ya kwanza aliuliza kama Mama amepata ile barua yake ya mwanzo. Iliyofuata alisema mwajiri mpya anataka jibu, na yeye amemwomba angoje kidogo kwa sababu anangoja mama yake. Mwajiri mpya wa nchi gani, hakusema.

Ya mwisho ni hii.

"Mama, nimesaini. Hii address inafungwa leo, nikirudisha uniform. Sikulaumu. Kimya chako ni jibu na nimelipokea. Nakuombea uzima."

Mama alikuwa bado ameshika bega langu.

Mara kompyuta ikalia ting. Barua mpya. Halafu ting nyingine, na nyingine, mpaka zikajaa juu ya screen.

Mama akainama mbele. Macho yake si mazuri, hakuweza kusoma jina. Akaniuliza, na sauti yake ilikuwa imefufuka kabisa, "Ni yeye? Amezipata sasa? Amejibu?"

Zilikuwa barua zake mwenyewe, zinarudi. Kila moja na maelezo ya kiingereza kwamba address hiyo haipo.

Nimechapisha maneno ya vifo vya watu wengi katika hii kazi yangu. Nimekaa na wajane wakinitajia majina ya watoto niyapange. Hayo yote hayakunisaidia pale. Nilisema tu, "Hapana, Mama. Zimerudi."

Akauliza, "Zote?"

Nikasema zote.

Akaondoka kwenye kiti. Akachukua kile kitambaa cha kufuma, akakikunja vizuri, akakishika tu mkononi, hakufunika kompyuta. Akaenda jikoni. Nilimsikia anafungua maji kwa sink, yakaenda muda mrefu bila chombo kuoshwa.

Nimejaribu yote ninayoyajua. Niliandikia ile kampuni, wakajibu hawatoi habari za mtu aliyeondoka. Nimepita kwa agent aliyempeleka, ofisi sasa ni salon. Nimeweka majina Facebook, nimejiunga na magroup ya Wakenya wa huko nje mpaka nimetolewa mengine kwa kusumbua. Hakuna. Mjomba aliuliza kondoo afanywe nini, Mama akamwambia amwache ale.

Siku hizi kompyuta yake haizimwi, si kwa ukuta wala popote. Iko online mchana kutwa, bundles zinaisha kama maji kwenye chujio na hajali. Kila ikilia ting anatoka jikoni na mikono ya unga kuja kuangalia, anakuta ni supermarket inauza sukari. Nilitaka kuzima ile sauti, akanishika mkono.

Funzo ni gani? Sijui kama nina funzo, wakuu. Nina ombi. Ukienda kumrekebishia mzazi browser, usiridhike mahubiri yakicheza. Fungua na email. Angalia Outbox. Muulize anangoja barua ya nani, hata kama unaona ni kumchunguza. Na ukimfundisha mtu mzima kitu cha kompyuta, mwambie akifanye mbele yako mara moja kabla hujaondoka, kwa sababu akisema "niko sawa" huenda ni adabu tu.

Na mtu akikunyamazia, usiharakishe kujiambia umeelewa. Tafuta njia ya pili. Hilo namwambia Simiyu, namwambia Mama, na najiambia mimi.

Mwenye kujua ujanja wowote wa kumfikia mtu ambaye address yake imefungwa, aniandikie hapo chini. Mwenye kutaka kunicheka kwa kushindwa na tick moja, anicheke pia, nafasi ipo.

Lakini zaidi naomba nyinyi mlio huko nje, kwenye magate na ma-mall na maghala. Ikiwa shift yako uko na mtu mrefu wa Bungoma anaitwa Simiyu, hapendi picha, na akiulizwa kuhusu kwao anabadilisha mada, tafadhali usimhubirie. Usimpe hata hii stori yote.

Mwambie tu Mama alijibu. Alijibu siku ile ile.